Ziwa, Barabara na Swali la Msingi

Anayesoma Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ile Hansard ya kila kikao, hukuta kwamba maswali na majibu ndiyo kurasa zinazochosha kuliko zote. Mbunge anauliza ni lini barabara fulani itajengwa kwa kiwango cha lami. Naibu Waziri anasimama kwa niaba ya Waziri wake na kujibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadri fedha zitakavyopatikana. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, anauliza maswali mawili ya nyongeza, anaketi. Bajeti nyingine inakuja na barabara ni ile ile, swali ni lile lile, jibu limebadilika maneno matatu. Ni rahisi kuyaona hayo kuwa maigizo ya saa tatu asubuhi. Mimi naona vingine, na ushahidi wangu unatoka Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, pembe ya nchi ambayo historia yake imeandikwa kwa maswali ya namna hii kuliko inavyodhaniwa. Swali la maandishi haliibani Serikali siku linapojibiwa. Linaibana baadaye, pale mtu mwingine, pengine miaka mingi mbele, anapolitoa jibu lililokwisha chapwa na kuuliza: hili mlisema ninyi, sasa imekuwaje? Na jibu likishachapwa halichagui wa kumbana. Linaweza kuibana Serikali hata pale ambapo nchi nzima ingetamani lisingetolewa kamwe.

Desturi yenyewe ni ya kuazima. Swali la kwanza linalokumbukwa katika Bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 na Earl Cowper, aliyetaka kujua kama ni kweli mweka hazina wa kampuni ya South Sea, iliyokuwa imeporomoka na akiba za watu, alikuwa ametoroka nje na kukamatwa. Angalia lilivyokuwa swali dogo. Halikuomba maoni wala kutoa hotuba. Lilitaka tukio moja lithibitishwe au likanushwe na mwenye dhamana. Desturi hiyo ikasafiri na dola. Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini, aliyetaka kumbana mtawala alikuwa na nafasi kubwa zaidi London kuliko Dar es Salaam. Mradi wa karanga ulipoanza kuzama huko Kongwa na Nachingwea, maswali mazito yaliulizwa katika Bunge la Uingereza, na Waziri John Strachey ndiye aliyesimama mara kwa mara kueleza tani ngapi zimevunwa na pauni ngapi zimekwenda; mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Songea, ambayo wakati huo ilibeba ndani yake milima ya Umatengo na mwambao wote wa ziwa, ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kusini, pamoja na Nachingwea. Habari za jimbo hilo zilijulikana London kwa njia ya maswali, huku wenye jimbo wakiwa hawana wa kuuliza.

Baraza la Kutunga Sheria lilikuwepo Dar es Salaam tangu mwaka 1926, enzi za Gavana Donald Cameron, lakini lilianza bila Mwafrika hata mmoja, na wajumbe wake wengi walikuwa maofisa wa serikali wenyewe. Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliingia mwaka 1945 kwa kuteuliwa. Kwa hiyo uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulipoleta wajumbe waliopigiwa kura, kilichobadilika haraka kuliko sheria zenyewe kilikuwa aina ya maswali. Na mojawapo ya mambo ya mwanzo yaliyofika mezani yaliwahusu watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi moja kwa moja: je, maji wanayovua samaki ni ya nani?

Mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890, baina ya Uingereza na Ujerumani, uliupitisha mpaka ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki. Kwa kalamu moja ziwa lote likawa la Waingereza, na Wajerumani wakabaki na mchanga. Maisha ya ufukweni hayakujali. Wajerumani walikuwa na bandari yao Liuli, waliyoiita Sphinxhafen kwa ajili ya jabali lake lenye sura ya sanamu ya Misri, na hapo ndipo meli yao Hermann von Wissmann iliposhambuliwa na meli ya Waingereza mwezi Agosti 1914. Baada ya vita pande zote mbili zikawa mikononi mwa Mwingereza, mpaka ukapoteza maana, na baadhi ya ramani na taarifa za Kiingereza za miaka ya 1920 na 1930 zikauchora katikati ya maji. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyezuiwa kuvua.

Haja ilikuja uhuru ulipokaribia. Kati ya mwaka 1959 na 1962 suala la mpaka wa ziwa liliulizwa zaidi ya mara moja katika chombo cha kutunga sheria, kwanza kikiwa bado cha kikoloni na kisha kikiwa cha nchi huru. Waulizaji walikuwa na hoja ya mtu anayejua ufuko. Ikiwa mpaka uko pale maji yanapoishia, basi ziwa likijaa mpaka unapanda na kuingia shambani, na mtu anaweza kulala Mtanganyika akaamka mguu mmoja uko Nyasaland, Malawi ya leo. Majibu ya Serikali, ya kikoloni na ya kizalendo, yalifanana: kwa mujibu wa mkataba, mpaka ni ukingo. Nyerere mwenyewe, akiwa kiongozi wa serikali ya mpito, alilieleza baraza kwamba kwa makubaliano yale hakuna hata tone la ziwa lililo la Tanganyika, na kwamba kudai vingine ni kumwomba jirani abadilishe mpaka.

Lilikuwa jibu la kweli kwa jinsi sheria ilivyosomwa siku ile, na lilikuwa na sababu za kueleweka. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, utawala ambao serikali changa ya Dar es Salaam haikuwa na hamu ya kukaa nao meza moja kujadili mipaka. Lakini Malawi ilipata uhuru mwezi Julai 1964, uhusiano wa Nyerere na Kamuzu Banda ukachacha, na mwezi Januari 1967 Tanzania ikaiandikia Malawi kwamba mpaka wa haki ni mstari wa katikati. Mwishoni mwa Mei mwaka huo Nyerere alilitangaza hilo hadharani. Mwezi Juni Banda akalikataa mbele ya Bunge lake huko Zomba. Tangu hapo, kila mwanasheria au mwanahistoria anayeitetea Malawi huanza na Heligoland, kisha hufungua kumbukumbu za Dar es Salaam: serikali yenu ilikwisha kukiri, na ilikiri bungeni. Tanzania ina majibu yake, na baadhi ni mazito. Desturi ya mataifa kugawana maziwa katikati ni mojawapo. Mwenendo wa Waingereza wenyewe kati ya vita viwili vikuu ni jingine. Hata hivyo uzito wa majibu yale ya bungeni haukufutika. Barua ya siri ingeweza kuitwa rasimu, na hotuba ya mkutanoni ingesemwa kuwa ni jazba. Jibu la swali ni kauli ya Serikali yenye tarehe, ukurasa na jina la msemaji.

Najua pingamizi linalokuja hapa: kama swali linaweza kuiumiza nchi hivi, si afadhali lisiulizwe? Pingamizi hili linachanganya uchungu wa jibu na kosa la swali. Waulizaji wale waliionya Serikali kuhusu tatizo miaka kadhaa kabla halijawa mgogoro. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa la kujibu upesi jambo lililohitaji wanasheria, na hata hilo nalisema kwa kusitasita, kwa kuwa mwaka 1964 Nyerere huyo huyo ndiye aliyepeleka hoja Cairo, kwenye Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwamba mipaka ya kikoloni iheshimiwe. Jibu lake la bungeni na msimamo wake wa Cairo vilikwenda sambamba. Kilichokengeuka ni barua ya 1967. Tusingeliona kengeuko hilo kwa uwazi huu kama wabunge wa awali wangekaa kimya.

Swali lina ukomo wake pia, na ukomo huo ulionekana mapema huko huko Kusini. Ibara ya 63 ya Katiba ya sasa inasema Bunge linaweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ya mwisho ndiyo kitasa cha mlango. Waziri huulizwa kwa yale yaliyo chini yake, basi. Mwezi Septemba 1969, Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kile kilichoanzia Litowa, Songea, na kuunganisha vijiji kadhaa vya ujamaa vilivyojianzisha vyenyewe, kilipigwa marufuku na Kamati Kuu ya TANU. Lilikuwa tukio kubwa kuliko barabara yoyote. Mashine na kinu vilichukuliwa, walimu wa shule ya Litowa wakatawanywa. Aliyeamua hakuwa Waziri. Ni chama, na chama hakina meza ya majibu bungeni. Mwaka mmoja kabla, wabunge kadhaa walikuwa wamefukuzwa TANU na kwa kufukuzwa huko wakapoteza viti vyao, na mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi ukuu wa chama. Katika mazingira hayo mbunge wa kawaida hakunyimwa haki ya kuuliza. Aliulizia zahanati na visima, akajibiwa kwa adabu. Mambo makubwa yalikwisha kuhamia chumba kingine.

Inashangaza, basi, kwamba kipindi cha maswali hakikufa katika miaka ile. Helge Kjekshus, mwanazuoni aliyejulikana baadaye kwa kitabu chake juu ya ikolojia na historia ya Afrika Mashariki, alikiona kuwa cha maana kiasi cha kukiandikia makala nzima mapema miaka ya 1970. Sababu ya kutokufa si ngumu kuielewa. Muswada ulikuja umekwisha kukubaliwa chamani, na bajeti vivyo hivyo. Swali ndilo lilikuwa jambo pekee ambalo mbunge aliweza kulianzisha mwenyewe, kwa kalamu yake, bila ruhusa ya mtu. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984 yalipolirudishia Bunge sehemu ya hadhi yake, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chombo hiki hakikuhitaji kubuniwa upya. Kilikuwa kimetumika muda wote, ingawa kwa mambo madogo.

Hebu tukifuatilie kwa karibu. Mbunge wa Mbinga anaandika swali lake na kuliwasilisha kwa Katibu wa Bunge. Swali linachujwa: lisiwe hotuba, lisibebe maoni, lisihusu kesi iliyo mahakamani. Likipita linapelekwa wizarani, na wizara hailijui jibu. Dodoma hakuna anayejua daraja la Lituhi lina hali gani. Kwa hiyo swali linashuka. Linakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa huko Songea, kwa Meneja wa TANROADS wa mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kila mmoja anatakiwa kuandika kilichopo na kukitia saini kabla ya tarehe iliyotajwa. Watumishi wa halmashauri wanaijua barua ya swali la Bunge; huwa haisubiri juma lijalo. Faili lililolala linafunguliwa, mtu anapanda pikipiki kwenda kuhesabu nguzo za daraja au vitanda vya wodi. Taarifa ikipanda inapunguzwa makali njiani, hilo nakubali, na ikifika kwa Naibu Waziri imekwisha kupakwa mafuta. Lakini nakala ya kwanza imebaki wilayani, na mkubwa wa wilaya amelazimika kujua jambo ambalo jana hakulijua. Watu wanaopima faida ya swali kwa sentensi ya mwisho aliyoisoma Naibu Waziri wanaiacha nje kazi hii yote.

Sasa barabara. Mbinga iko juu milimani, kwenye kahawa na ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usihamie bondeni. Ziwa liko chini, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya Mbinga na Mbamba Bay kuna kilomita 66 za kushuka, na kwa vizazi viwili msimu wa masika ulizigeuza utelezi wa udongo mwekundu ambamo lori la samaki lingeweza kulala siku mbili. Kutoka Songea kuja Mbinga hakukuwa na nafuu kubwa. Waliowakilisha eneo hili bungeni waliiulizia njia hiyo awamu baada ya awamu, wakiwemo Gaudence Kayombo wa Mbinga Mashariki na Kapteni John Komba wa Mbinga Magharibi, huyu wa pili akijulikana nchi nzima kwa sauti yake katika kikundi cha muziki cha TOT kabla hajajulikana kwa maswali yake. Hatimaye kipande cha kilomita 78 kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga kikajengwa kwa fedha za Mfuko wa Changamoto za Milenia wa Marekani, sehemu ya msaada wa dola milioni 698 uliosainiwa mwaka 2008. Kipande cha kushuka ziwani kikaja baadaye kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Rais Samia Suluhu Hassan akaifungua barabara hiyo katika ziara yake ya Ruvuma, Septemba 2024.

Hapa mpinzani wa hoja yangu anatabasamu. Barabara imejengwa na Wamarekani na benki ya Abidjan, anasema. Swali limejenga nini? Ni pingamizi zuri kuliko yote, na sitalikwepa. Hakuna ushahidi kwamba swali lolote lilileta hata senti moja, na mbunge anayewaambia wapiga kura kwamba lami ni matunda ya swali lake anawapaka rangi. Lakini mfadhili naye hachagui barabara kwa kufumba macho na kuchoma ramani kwa kidole. Anachagua katika orodha ya miradi ambayo usanifu wake umekamilika, ambayo thamani yake imekokotolewa na makaburi na nyumba za kuhamishwa zimehesabiwa. Usanifu ni hatua ya gharama ndogo, ndiyo maana huahirishwa kirahisi bila mtu kupiga kelele. Swali linaigusa hatua hiyo hasa. Serikali ikijibu mwaka huu kwamba usanifu wa kina utakamilika mwaka ujao wa fedha, imejiwekea kipimo. Mwaka ujao swali la msingi halihitaji tena kuuliza ni lini. Linauliza usanifu ule mlioutaja uko wapi. Kabla ya jibu la kwanza kuchelewa kulikuwa hali ya maisha. Baada yake ni deni lenye tarehe. Hilo tu ndilo ninalodai kwa niaba ya swali, na si dogo.

Meli zinafundisha jambo lile lile kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi mwambao ulitegemea MV Songea na MV Iringa, vyombo vilivyozeeka mpaka ratiba yao ikawa bahati nasibu, na vilipokwama watu wa Lundu au Liuli walirudi kwenye mitumbwi na maboti ya kubahatisha. Majibu ya Serikali kuhusu meli mpya yalitolewa kwa miaka kadhaa, na mengine yalipishana. Ndipo zikaja MV Njombe na MV Ruvuma mwaka 2017, za mizigo, kila moja tani 1,000, na baadaye MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, zote zikiwa zimeundwa Itungi, Kyela. Mpangilio huo wa kuanza na mizigo na kumalizia na abiria unaeleza mengi juu ya nani alisikika kwanza. Sijui kama kuna njia nyingine ya kuuona isipokuwa kuyapanga majibu hayo kwa mfuatano wa miaka.

Kuna udhaifu mwingine ambao wananchi wa mwambao wanaujua kuliko wanazuoni. Tangu zamani wana wao waliong'ara wamekuwa upande wa kujibu. Oscar Kambona, aliyezaliwa kando ya ziwa karibu na Mbamba Bay, alishika wizara nzito tangu mapambazuko ya Uhuru hadi alipoondoka nchini mwaka 1967. Waziri hawezi kusimama kuiuliza Serikali aliyomo. Jimbo la Mbinga Magharibi lilipogeuka Nyasa, baada ya wilaya hiyo kuzaliwa mwaka 2012, mbunge wake kuanzia 2015 alikuwa Mhandisi Stella Manyanya, na kwa awamu ile nzima alikuwa Naibu Waziri, kwanza wa Elimu kisha wa Viwanda na Biashara. Wapo watakaosema kuwa naibu waziri ananong'oneza masikioni mwa wenzake na kupata zaidi ya swali kumi. Inawezekana. Ila mnong'ono haumo katika Hansard, na atakayekuja baada yake hana pa kuushika. Kwa miaka mitano jambo la Nyasa liliweza kuingia kwenye orodha ya shughuli kwa mkono wa jirani tu, mbunge wa Mbinga au wa viti maalumu. Serikali inayochota manaibu wake ndani ya Bunge huzima sauti za majimbo kadhaa kila inapoundwa, na sioni mjadala wa maana juu ya gharama hiyo. Kenya walilitoroka tatizo hili kwa Katiba ya mwaka 2010, iliyowatoa mawaziri bungeni kabisa. Wakagundua kwamba wamebaki na maswali yasiyo na wa kuyajibu ukumbini, wakahangaika na kamati kwa takriban muongo mmoja, kisha wakabadili kanuni ili mawaziri waje kujibu. Kila nyumba ina pa kuvuja.

Pingamizi la mwisho linahusu idadi. Bunge lililochaguliwa mwaka 2020 lilikuwa la chama kimoja karibu kwa viti vyote vya majimbo, na mtu anaweza kuuliza mbunge wa CCM atambana vipi waziri wa CCM. Jibu langu ni kwamba aina ya swali ina uzito kuliko chama cha muulizaji. Ni lini mtajenga ni ombi lililovaa suti ya swali, na Serikali inalipenda kwa kuwa linaipa nafasi ya kuahidi. Swali linalouma ni la hesabu, na Mbinga ina mambo mawili yanayolihitaji. La kwanza ni kahawa. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kiliporomoka miaka ya 1990 kikiwa kinadaiwa, wanunuzi binafsi wakajaa, na magoma yakashamiri: mkulima mwenye shida ya ada ya shule anachukua fedha kidogo kahawa ikiwa bado mbichi mtini, na msimu ukifika gunia si lake tena. Kumwuliza Waziri ana mpango gani wa kumkomboa mkulima kunaleta hotuba. Kumwuliza kilo ngapi zilipelekwa mnadani kupitia vyama vya msingi vya Mbinga msimu uliopita, na mkulima alilipwa shilingi ngapi kwa kilo baada ya makato, kunaleta tarakimu, na tarakimu mbili za miaka miwili zikikaa jirani zinasema zenyewe. La pili ni makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa tangu mwaka 2011 na TANCOAL, kampuni ambayo Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia kwa hisa asilimia 30. Ushuru wa huduma hukokotolewa kwa asilimia ya mapato ghafi. Mbunge wa chama chochote anaweza kuuliza tani ngapi zilitoka, ziliuzwa kwa kiasi gani, na halmashauri ilipokea nini. Hahitaji kuwa mpinzani. Anahitaji kujua kuzidisha na kugawanya.

Na ziwa limerudi. Mwaka 2012 Malawi ilipokwisha kutoa vibali vya kutafuta mafuta majini, Waziri wa Mambo ya Nje Bernard Membe alilieleza Bunge mwezi Agosti kwamba Tanzania inataka shughuli hizo zisimame, na ikasimamia mstari wa katikati. Suala likapelekwa kwa marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano, na halijaamuliwa. Ukumbi ulishangilia siku zile. Ilikuwa saa ya uzalendo, wala si saa ya maswali. Wakati huohuo bandari ya kisasa inajengwa Mbamba Bay, na mipango ya reli kutoka Mtwara inaitaja kama mwisho wa njia, ili shehena ivuke maji kwenda Malawi na kwingineko. Gati lake linaingia katika maji ambayo majibu ya bungeni ya miaka ya 1960 yaliyatoa kwa jirani na barua ya 1967 ikayarudisha nusu. Bado kuna nafasi kwenye orodha ya shughuli kwa mbunge wa Nyasa kuuliza, kwa sentensi moja isiyo na hotuba, meli ya mizigo ikitoka gatini hapo itakuwa chini ya sheria ya nchi gani ikifika kilomita ishirini majini, na ni hati gani, ya tarehe gani, inayosema hivyo. Waziri atakayelijibu itabidi asome kwanza walichosema waliomtangulia.